Kile kisiwa kingine

Barua za mwezi huu zina homa moja. Kila mtu amechoka na Unguja, wakiwemo wawili wanaokiri kuwa hawajawahi hata kuikanyaga. Nimezisoma zote barazani, miguu juu ya stuli, nikachagua hizi. Walioniuliza bei za hoteli moja moja wanisamehe. Bei hubadilika kabla gazeti halijatoka kiwandani.

Shikamoo shangazi. Nafunga ndoa wiki ya kwanza ya Desemba na tuna siku tano za fungate. Mchumba wangu anataka Nungwi kwa sababu rafiki zake wote wamepiga picha huko. Mimi nataka Mafia, niliona video ya watu wanaogelea na yule samaki mkubwa. Tumebishana mpaka kamati ya harusi imejua. Tuamulie. — Bibi harusi mtarajiwa

Marahaba mwanangu, na hongera sana. Kabla sijaamua kesi yenu, kuna jambo hukuliandika: huyo bwana anajua kuogelea? Nimewahi kumwona mwanamume mzima ameshikilia ubao wa boti kwa mikono miwili, mkewe yuko majini anapiga vigelegele, na yeye kule juu anatabasamu kama mtu anayeng'olewa jino. Kama wako hajui, mpeleke bwawani kuanzia wiki hii. Muda mnao.

La pili, ujue unachokinunua. Watu wengi huenda Mafia wakidhani wataikuta Unguja iliyopunguzwa watu. Wanashuka na picha ya Nungwi kichwani, mchanga mweupe mlangoni na maji ya kuogea saa zote, halafu wanafika Utende, ziliko hoteli nyingi, upande wa mashariki unaotazama ghuba ya Chole. Maji yakipwa pale unabaki na tope, mikoko na ngalawa zilizolala ubavu. Mchanga wa kwenye picha upo, ila unafuatwa kwa boti: kuna mafungu yanayochomoza katikati ya bahari maji yakitoka, mnatandika mkeka, mnakula samaki, na jioni fungu limeshamezwa kama halikuwahi kuwepo. Nungwi iko kwenye ncha ya kaskazini ya Unguja na bahari yake hairudi nyuma mbali kama ya Paje au Jambiani. Ukiamka saa yoyote unaoga. Kwa hilo mchumba wako hajakosea, mwambie nimesema.

Utajiri wa Mafia uko chini ya maji. Hifadhi ya bahari ya pale ndiyo ya kwanza nchini, ilitangazwa mwaka 1995, na ina kilomita za mraba 822 zinazojumuisha visiwa vya Chole, Juani na Jibondo. Huyo samaki wa kwenye video ni papa potwe, naye hata Utende haji. Huonekana upande wa pili, magharibi, mbele ya mji wa Kilindoni, kuanzia Oktoba hadi Februari hivi. Ukilala Utende utapanda gari kilomita kama 15 kwanza, alfajiri, ukiwa hujanywa chai.

Mara yangu ya pili kumfuata ilikuwa Novemba. Nahodha alisimama omo, mbele kabisa ya boti, bila kusema neno, na nilidhani anatazama maji, kumbe anatazama ndege. Walipokusanyika sehemu moja wakawa wanachovya, akampa mwenzake ishara ya mkono, mashine ikapungua sauti. Mimi sikuona kitu. "Shuka, mama. Shuka sasa hivi." Nikashuka na miwani yangu ya maji. Kwanza ilikuwa kijani tupu na vumbivumbi linaloelea, ndilo chakula chake hilo. Halafu mbele yangu ukapita ukuta wenye madoa meupe kama ya kanga, kanga ndege, si nguo. Ukapita, ukapita, hauishi. Mkia ndio ulionipa kipimo: ulikwenda huku na huku polepole kama mlango uliosahaulika wazi. Madoa hayo kila samaki ana mpangilio wake, na watafiti huwatambua kwa kupiga picha ubavu, kama sisi tunavyotambuliwa kwa dole gumba. Nilipopanda botini nilikuwa natetemeka na haikuwa baridi.

Lakini bahari haina uzio. Asubuhi ya jana yake tulizunguka saa tatu tukarudi na kuchomwa jua tu. Ndiyo maana nakwambia uweke asubuhi mbili za papa, usiweke moja.

Sasa usafiri, na hapa naomba mnisikilize vizuri. Kwenda Mafia kuna njia mbili: ndege ndogo kutoka Dar es Salaam, haifiki saa nzima angani, au barabara hadi Nyamisati, upande wa delta ya Rufiji, kisha chombo cha majini hadi Kilindoni. Safari yangu ya kwanza nilipita Nyamisati kubana matumizi. Kwenda kulikuwa kuzuri. Kurudi, upepo ukakaza, chombo hakikuondoka siku ya kwanza, hakikuondoka siku ya pili. Nilikaa Kilindoni kwenye chumba chenye feni isiyozunguka, nikinunua chapati mbili mbili, na Dar es Salaam sendofu ya binti wa kaka yangu ikaendelea bila mwenyekiti wa kamati ya chakula. Mwenyekiti alikuwa mimi. Wali uliungua, na mpaka leo kwenye vikao vya ukoo nikiomba kusema kuna wifi yangu hukohoa.

Hukumu basi. Nendeni Mafia, kwa ndege. Asubuhi mbili za papa, siku moja ya Chole na fungu la mchanga. Chole mtembee kwa miguu muone magofu na popo wanaoning'inia kwenye miti mchana kweupe. Usiku wa mwisho mlale Dar es Salaam, msirudi siku ileile ya kuripoti kazini. Siku zikipungua hata moja, na sherehe za kwetu hula siku, usihangaike: mpe mumeo Nungwi yake, na Mafia muiweke kwa mwaka wa kwanza wa ndoa.

Habari za kazi, shangazi. Naomba ufafanuzi. Mahali penye watu wachache si pangepaswa kuwa na bei ya chini? Nimefanya hesabu ya Mafia na Unguja kwa usiku nne, Mafia ni juu karibu mara mbili. Nani anatuibia? — Mhasibu

Nzuri mwanangu. Hakuna anayekuibia. Wewe ni mhasibu, funga vitabu vyako ufungue vya mwenye hoteli.

Unguja ina uwanja unaopokea ndege za moja kwa moja kutoka Ulaya, ina boti za abiria zinazokwenda na kurudi Dar es Salaam mara kadhaa kwa siku, na ina nyumba za wageni zinazonyang'anyana wateja. Ukikataa bei ya huyu unavuka barabara. Kisiwa kidogo hakina hiyo barabara ya kuvuka. Ndege ya Mafia ina viti kumi na kitu, na gharama yote ya kuirusha inagawanywa kwa hivyo viti. Saruji imevuka maji, soda imevuka maji, mtungi wa gesi umevuka maji. Halafu hoteli nyingi hufunga Aprili na Mei kwa ajili ya masika, ila mlinzi hafungwi, jenereta haliponi kwa kupumzika, na chumvi inayokula mabati haijui kuwa msimu umeisha. Miezi inayobaki ndiyo inayolipia yote.

Pa kubana papo. Kilindoni kuna nyumba za wageni wanazolala wafanyabiashara: kitanda, neti, ndoo ya maji, basi. Boti ya kwenda kwa papa hukodiwa nzima na dizeli haiulizi mko wangapi, kwa hiyo mkiwa wawili mnalipa kama watu wanane. Jioni zunguka mezani kwa wageni wengine, uliza nani anakwenda kesho. Mimi hufanya hivyo bila haya, na nimepata marafiki wawili na ugomvi mmoja. Ada ya hifadhi kwa raia ni ndogo kuliko ya mgeni, ila uwe na kitambulisho cha taifa mkononi. Picha yake kwenye simu iliyokufa chaji haikusaidii. Niliwahi kusimama pale getini kama mkimbizi kwa sababu hiyo.

Usichoweza kubana ni siku. Kisiwa kisichojulikana hudai malipo yake kwa siku: moja ya kusubiri usafiri kwenda, moja ya kusubiri kurudi. Mwenye siku nne anadhani amenunua nne, kumbe amebakiwa na mbili, na kwenye hesabu yako ungezigawanya gharama zote kwa hizo mbili. Fanya hivyo uone. Ukiwa na siku kumi, Mafia inashuka bei yenyewe.

Asalaam aleikum dada. Nina watoto watatu, miaka minne, saba na kumi na moja. Nataka kuwapeleka Pemba likizo ya Juni kwa sababu Unguja imejaa. Mama yao amegoma, anasema Pemba hakuna kitu. Hebu tusaidie. — Baba wa watatu

Waaleikum salaam kaka. Mama watoto ana nusu ya ukweli na wewe una nusu.

Pemba inapendeza kwa namna ambayo mtoto haioni. Ukitua pale karibu na Chake Chake ukaanza kwenda kaskazini, barabara inapanda na kushuka vilima, mabondeni mpunga, kila mgongo una mikarafuu. Msimu wa kuchuma ukikukuta, karafuu zimeanikwa kwenye majamvi kando ya barabara na harufu inaingia garini hata vioo vikiwa vimefungwa. Mimi hapo hushusha kioo na kunyamaza. Mwanao wa miaka minne atauliza tunafika saa ngapi.

Ufukwe wa Vumawimbi, juu kabisa kaskazini, ni mrefu na mweupe, na siku ya kawaida utamkuta mvuvi mmoja anashona wavu. Hakuna kibanda cha chipsi. Huko kutokuwepo kwa kibanda ndiko watu wazima tunakokufuata, na mtoto naye atakufurahia mpaka dakika anapohisi njaa. Bebeni chakula na maji kutoka mjini, mengi kuliko mnavyodhani.

Hao wakubwa wawili, lakini, Pemba itawaburudisha kuliko unavyofikiri. Msitu wa Ngezi uko jirani na huko Vumawimbi. Kidike, si mbali na Chake, wapo popo wa Pemba, wale wakubwa wenye mabawa ya zaidi ya mita moja na nusu, ambao hawapatikani popote duniani ila kisiwa hicho. Miaka ya 1980 walikaribia kwisha kwa kuwindwa na kwa kukatwa misitu. Kijiji kikaamua kuwalinda, na sasa wanahesabiwa kwa maelfu. Nilimpeleka mtoto wa dada yangu akiwa na miaka tisa. Alikuwa mtundu asiyekaa dakika. Pale alikaa chini ya mti, shingo imepinda, akiwatazama wanavyojipepea kwa bawa moja kama bibi kizee kwenye joto, akaniuliza kwa kunong'ona: "Kumbe wana sura za mbwa?" Wiki nzima hakuzungumza kingine. Unguja nilimlipia mchezo wa majini wa kuvutwa na boti na hakuutaja hata mara moja.

Juni ni kusi. Upepo unavuma kutoka kusini, bahari inachafuka, na kati ya Unguja na Pemba kuna mkondo wa Nungwi ambao hata manahodha huuheshimu. Ndiko MV Spice Islander ilikozama Septemba 2011, imepakia kupita kiasi. Mkipanda meli, angalieni watu wanavyoingia, na mkiona wamejaa kuliko viti na maboya, teremkeni. Nauli itarudi siku nyingine. Kwa watoto wa umri huo mimi ningelipia ndege kutoka Unguja, ni mwendo mfupi, na mkeo hatakuwa na sababu ya kugoma mara ya pili.

Nguo za kuogelea ni za ufukweni. Chake, Wete na Mkoani watu hujistiri, na ninyi mjistiri, hata yule wa miaka kumi na moja mwambieni mapema asije akanuna sokoni. Ramadhani ikiangukia likizo, mchana hamtapata pa kula nje.

Na kwa kuwa mtakuwa na watoto baharini, jifunze kusoma maji. Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu kuna bamvua: maji hujaa sana na hupwa sana, tofauti inaweza kufika mita nne, na kwenye fukwe tambarare za mashariki ya Unguja bahari inakwenda mpaka huioni. Mwezi ukiwa nusu ni maji mafu, hayapandi sana wala hayashuki sana. Kila siku saa ya kujaa inasogea mbele kama dakika 50. Mvuvi yeyote atakwambia bila kutazama simu. Wakati wa kupwa wavalisheni watoto yeboyebo, kuna wanyama wa miiba kwenye miamba na mwiba wake hautoki kwa kubembelezwa.

Ushauri wangu: siku tatu Pemba, siku nne Unguja, kwa mpangilio huo. Mkianza na Unguja hamtatoka.

Shangazi shikamoo. Sisi ni wanawake sita wa kikundi cha kuweka na kukopa, tunagawana mwisho wa mwaka. Tulitaka Shelisheli, imetushinda. Mmoja wetu katuambia Komoro iko karibu na watu wake wanaongea kama sisi. Ni kweli? — Katibu wa kikundi

Marahaba katibu. Kuongea kama sisi ni nusu ya njia. Nilipofika Mwali, kisiwa kidogo kuliko vyote vitatu vya nchi ile, nilimpisha mzee mmoja kwenye njia nyembamba akaniambia "marahaba." Nikashtuka, sijamwamkia bado! Kumbe kwao marahaba ni asante. Siku tatu za kwanza kila nikifanya wema naitikiwa shikamoo ambayo sikuitoa. Mkisikiliza polepole mtashika maneno mengi, majina ya vitu vya nyumbani na vya bahari hasa, na pale mtakapokwama kuna Kifaransa na mikono.

Wengi wakisema Komoro wanamaanisha Ngazija, kwenye mji wa Moroni na volkano ya Karthala. Hapo ndipo ndege kutoka Dar es Salaam inapotua. Mimi nawapeleka mbele zaidi, Mwali. Kisiwa kina kilomita za mraba 211, hifadhi yake ya bahari ilianza mwaka 2001, na mwaka 2020 UNESCO ikakitambua kisiwa chote kuwa hifadhi ya mazingira na viumbe wake. Kitu cha kufuata ni kasa, katika kijiji cha Itsamia, kusini-mashariki.

Tulikwenda usiku na kijana wa kijijini. Tochi nyeupe marufuku; alikuwa na taa nyekundu ameifunika na kiganja. Akatuketisha mchangani. Nilianza kumsikia kabla ya kumwona, pumzi nzito ya mtu aliyepanda ngazi na gunia. Kisha mchanga ukanipiga usoni, alikuwa anachimba kwa mapezi ya mbele, haoni wala hajali. Alipotulia kutaga, kijana akatusogeza kwa nyuma: mayai meupe, duara kama mpira wa ping-pong, mawili, matatu, yanadondoka bila sauti. Kiota kimoja huwa na mayai kama mia. Macho yake yalikuwa yanachuruzika, ndivyo kasa anavyotoa chumvi ya mwilini, najua hilo, na bado sisi wanawake wanne tuliokuwa pale tulilia naye. Mmoja wetu alijifungua miezi miwili kabla.

Sasa ya mfukoni. Sarafu yao ni faranga ya Komoro, imefungwa na yuro, yuro moja ni faranga 492 hivi. Kadi za benki msizitegemee kabisa, bebeni yuro taslimu, noti ndogondogo. Kutoka Moroni kwenda Mwali kuna ndege ndogo, na kuna viboti vya mashine ambavyo mtapigiwa debe ufukweni. Bahari kati ya visiwa vile ni kubwa na viboti ni vidogo. Mkikosa ndege lala Moroni, kula samaki, subirini kesho. Kwa hiyo tena, siku. Msiende chini ya siku tisa.

Na msiende mwisho wa mwaka! Najua ndipo mnapogawana, lakini Novemba hadi Aprili ni mvua na vimbunga upande ule. Disemba 14, 2024 kimbunga Chido kiliipiga Maore, wengine huiita Mayotte, jirani yao wa mlango wa pili, kikaiacha chini. Sisi tulioko karibu zaidi na ikweta tumezoea kuviona vimbunga kwenye taarifa ya habari tu, kwa sababu karibu na ikweta nguvu ya mzunguko wa dunia inayovisokota ni hafifu. Kusini zaidi si hivyo. Gaweni Desemba, hela ikae, mwende Julai au Agosti. Najua hela ya kikundi haikai. Mkabidhini katibu.

Bi mkubwa, uliandika Mafia ni pepo. Tulikwenda mimi na mume wangu mwezi wa tano. Mvua siku nne kati ya tano, hoteli tuliyoitaka imefungwa, papa hakuna. Mume wangu alihesabu mbao za dari. Anasema ziko mia moja na nane. Unatuambia nini? — Tuliolowa

Nawaambia mnisamehe. Nimekwenda kutafuta hilo toleo, nikalisoma tena, na kweli: nimeisifia Mafia ukurasa mzima sikutaja mwezi hata mmoja. Kosa langu, wala silisukumi kwa mhariri.

Mahali maarufu pana uwezo wa kumsitiri mgeni aliyekosea msimu. Ukilowa Unguja unaingia Mji Mkongwe, kuna makumbusho, kuna migahawa, kuna baraza ya kukaa na watu wakakuchekesha mpaka mvua ikate. Kisiwa kidogo hakina pa kukuficha. Mvua ikinyesha, imenyesha kwako. Basi kwa pwani yetu kateni vipande hivi mbandike ukutani: masika ni Machi hadi Mei, mkae nyumbani. Juni hadi Septemba ni kusi, hakuna mvua nyingi, kuna upepo, na wazamiaji wa Mafia hubaki ndani ya ghuba ya Chole. Oktoba hadi Februari bahari hutulia zaidi na papa wanakuja, vuli ikipita katikati na manyunyu yake ya Novemba. Nyie mwezi wenu wa tano ulikuwa na bahati ukilinganisha na wa 2024, kimbunga Hidaya kilipofika mpaka hapohapo Mafia, pamoja na hayo niliyoyasema juu kuhusu ikweta.

Mwambie shemeji nimeipokea hesabu ya mbao.

Shangazi, ukituelekeza kila mwezi kwenye visiwa vya siri, si ndiyo vinaharibika? — Mwenye wasiwasi

Vina watu tangu zamani, mwanangu, siri ni yako na yangu tu. Kua, kwenye kisiwa cha Juani, palikuwa mji wenye misikiti ya mawe kabla babu zetu hawajazaliwa. Lakini wasiwasi wako nauelewa. Safari yangu ya mwisho Kilindoni niliona samaki mmoja amezungukwa na boti tano, na watu majini wanapigana visigino. Nahodha wetu alizima mashine mbali, akasema tusubiri. Abiria mmoja akaja juu, amelipa, anataka kushuka. Mzee akamjibu, "Umelipa boti. Samaki hujamlipa." Tulikaa dakika 40. Boti zikaondoka moja moja, papa naye akaondoka nazo, hatukumwona kwa karibu. Mimi nikiulizwa nani wa kwenda naye, namtaja huyo mzee.

Na wewe shangazi, mwaka huu unakwenda wapi? — Mdadisi

Nungwi. Dada yangu anatimiza miaka 60, magoti hayataki ngazi ya boti, na anataka kitanda karibu na maji na kijana wa kumletea madafu. Nimeshalipa nusu.